Nyani Alivyoutaka Mwanya wa Bi Nyenje

"Hadithi, hadithi!"
"Hadithi njoo!"
"Ije na nini?"
"Ije na uongo uliokolea chumvi!"

Haya, imekuja. Ila wewe Mbwarali uliyekaa nyuma, hebu acha kutafuna muwa. Kwaru, kwaru, kwaru! Wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja. Na hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na ziwa. Kila asubuhi ukungu uliangukia ziwa lote, hata pua yako huioni. Ndege wakirudi hawaoni chini. Basi kwenye mwamba wa ufukoni alikaa Bi Nyenje, kadudu tu, kangeenea ndani ya ganda la karanga. Alisikiliza mabawa yao, akawaimbia. Ndege akiwa juu: nyi... nyi... nyi... Akikaribia: nyi-nyi-nyi. Akifika: nyinyinyinyi! Hapo ndege hushusha miguu, akatua taratibu, akainama na kusema, "Ahsante, Bi Nyenje."

Kila ndege. Kila asubuhi. Ahsante, Bi Nyenje. Na neno hilo lilimwingia Nyani kama pilipili kwenye kidonda.

Nyani huyu alikaa jabali la jirani. Dume la nguvu, kifua hivi, meno hivi! Akilia "Wahu!" milima saba inaitika. Lakini nani aliwahi kumwambia ahsante? Hakuna. "Kidudu kama kile!" alisema moyoni. "Mimi wa milima saba sina wa kunisalimu, na yeye mwenye sauti ya mlango mbovu anainamiwa na korongo!" Chakula kikawa hakimpiti kooni. Wivu jamani, usiombe.

Sasa, katika bonde lile sauti ziligawanywa, na mgawaji alikuwa Mzee Nungunungu. Akikupa sauti, anakung'olea mwiba mgongoni mwake, unauchomeka mlangoni kwako uonekane. Mwiba ukishatoka haunyang'anywi. Haurudi mpaka mwenyewe aurudishe kwa mkono wake. Kiboko alikuwa na mmoja. Bi Nyenje mmoja. Nyani alikuwa nayo mitatu: wa kugombeza, wa kuita wake zake na wa kutangaza mahindi yameiva. Na kando ya sauti ya Bi Nyenje paliachwa mwanya wa ukimya, asiimbe mtu, ili ndege wamsikie vizuri.

Nyani akauona ule mwanya. Akatoka mbio, paka-paka-paka, mpaka kwa Nungunungu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una nini tena?"

"Kuna mwanya pale umelala bure. Nipe mimi."

"Na ndege je?"

"Simgusi Nyenje wako! Sauti yake iko kule, yangu iko huku, katikati unapita unywele."

Alisema asubuhi, akasema mchana, akasema jioni, mpaka mzee wa watu akachoka. Akang'oa mwiba wa nne, akampa.

Kulipokucha Nyani akapanda jabali, akabana koo, akaimba nyembamba: "Wiii! Wiii! Wiii!" Bi Nyenje hakuyasikia mabawa, na wenye mabawa hawakumsikia Bi Nyenje. Mwana wa Bi Korongo akashusha miguu akidhani amefika. Hajafika. Puu! Mguu wa mtoto ukavunjika.

Baraza likakaa. Bi Korongo analia, ndege wote wanalia naye. Nyani akasimama, kifua mbele.

"Kosa ni la masikio yenu! Masikio gani hayo ya kizamani? Tafuteni mapya!"

"Nyani haoni kundule!" akasema Bi Korongo. "Masikio yanachumwa mti gani, hebu tuambie?"

Nungunungu akainama kwa aibu. Mwiba ameutoa mwenyewe, na kuunyang'anya hawezi. Asubuhi nyingine itakuja, na ukungu wake, na mtoto mwingine.

Ndipo Bi Nyenje akasema, kwa upole kabisa, "Mimi sina ugomvi. Bwana Nyani anataka ahsante, mwamba nitamwachia. Ila nina aibu yangu moja. Miaka yote hii sijawahi kupanda juu nikateremka kwa sauti yangu mwenyewe. Atakayeweza hilo, ndege watamwimba, na mimi nitasahauliwa."

Wivu ukampanda Nyani mpaka utosini. "Nitateremka mimi!"

"Ukitua kwa sauti yako, mwamba ni wako. Ukitua kwa yangu, unarudisha mwiba."

"Hata sasa hivi!"

"Kesho, bwana. Ukungu ukiwepo."

Kesho yake wakamtia katika kikapu cha ukindu. Korongo wawili wakauma mishikio, Bi Korongo akakaa kando awe msemaji. Mabawa yakapiga, papapapa! Kikapu kikainuka, kikayumba. Kote ni weupe mtupu.

"Tuko wapi?" akauliza Nyani.

"Juu kabisa, bwana. Imba ututeremshe."

"Wiii! Wiii!"

"Sasa tuko karibu na chini au bado?"

"Nitajuaje mimi?"

"Si wewe mwenye sauti? Haya, tuteremke polepole au haraka? Mwanangu jana aliteremka haraka."

"Wiii!" akaimba Nyani, na masikioni hamna kitu ila yeye mwenyewe. Ninyamaze nimsikilize yule? akawaza. Mbele ya bonde zima? Bora nife! Kikapu kikayumba tena, yuuu! Akaona afadhali aibu kuliko kuvunjika mbavu. Akafumba mdomo.

Nyi... nyi... nyi...

Akashika ukingo kwa mikono miwili, na mkia pia.

Nyi-nyi-nyi. Nyinyinyinyi! Kikapu kikagusa mwamba, tu. Na kabla hajauzuia, mdomo wake ukasema wenyewe: "Ahsante, Bi Nyenje."

Bonde zima likasikia. Nyani akatoa mwiba kwa mkono wake, akamrudishia Nungunungu.

Jua likapanda, ukungu ukaondoka. Nyani akawatazama wale korongo: matope mabichi mpaka magotini. Akatazama ufukoni: nyayo zimeuzunguka mwamba, hazifiki hata hatua kumi. Lahaula! Hawakuruka! Walizunguka matopeni muda wote wakipiga mabawa, naye ananing'inia kimo cha mbuzi.

"Nyenje! Umenidanganya!"

"Mimi niliimba tu, bwana. Aliyekupandisha juu ni wivu wako."

Tangu siku hiyo Nyani hamwonei tena wivu Bi Nyenje. Sasa wivu anawaonea korongo, kwa ile miguu yao. Na mwana wa Bi Korongo anachechemea, lakini anatua.

Funzo lake, wanangu: kusema uongo ni vibaya mno, na anayedanganya hafiki mbali. Hasa asiponawa magoti.

Hadithi yangu ilikuwa juu, sasa imetua. Mbwarali, haya, tafuna muwa wako.