Tusekile na Shamba Lililolala Njaa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, moshi wa kuni mbichi hauchagui mtu. Hapo zamani za kale, juu milimani ambako ukungu hushuka mpaka mlangoni, aliishi mama mmoja mzee aitwaye Subilaga. Aliishi na mwanawe Lwitiko na mke wa Lwitiko, Tusekile. Tusekile aliolewa akiwa yatima, na Mama Subilaga alimpokea kama aliyemzaa mwenyewe. Jioni za baridi wanawake hao wawili walijifunika shuka moja pembeni mwa jiko, wakacheka mpaka Lwitiko akawauliza wanacheka nini, nao wasimwambie.

Walilima viazi. Walivuna viazi, wakapanda viazi, wakavuna tena viazi. Shamba lile halikurudishiwa kitu, wala halikupumzishwa.

Basi mwaka mmoja mnyauko ukaingia. Asubuhi viazi vimesimama, mchana vimelegea kama mtu aliyepokea habari ya msiba, na baada ya siku chache haviinuki tena. Ukikata kiazi unakuta duara la kahawia, ukikibana unatoka ute. Wakapanda tena, vikanyauka. Wakapanda tena, vikanyauka. Wakapanda tena, na safari hiyo hata mbegu haikurudi.

Lwitiko akasema hapa hapana maisha, mvua zikikatika watashuka bondeni wakalime mpunga. Mama yake akamjibu kwa upole kwamba miguu yake haitafika huko. Waende wao, yeye atabaki na ng'ombe wake.

"Mama akibaki, nami nabaki," Tusekile akasema.

Jioni ile hakuna aliyecheka pembeni mwa jiko.

Kulipokucha Tusekile akaenda shambani kung'oa mashina yaliyokufa. Akamkuta nyungunyungu mmoja, mwembamba kama uzi, anavuka mfereji kuelekea msituni. Akamuuliza aendako. Nyungunyungu akamwambia anahama, na wenzake wameshatangulia.

"Mnaukimbia ugonjwa?"

"Tunaikimbia njaa," nyungunyungu akasema. "Shamba lina njaa, mama. Udongo wenye njaa hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa."

Tusekile akamsihi asiende mbali. Akakimbia bandani, akazoa kinyesi cha ng'ombe kingali kinafuka mvuke, akakimwaga shambani na kupanda viazi vichache vilivyobaki jikoni. Vikachipua, kisha vikaungua majani, vikafa. Akaenda ukingoni mwa msitu, akakaa chini akalia.

"Shamba lina njaa, mama," nyungunyungu akamwambia, "lakini umelilisha kibichi. Mtoto humpi unga mkavu. Pika kwanza."

Basi Tusekile akaanza kupika chakula cha shamba. Akatandaza nyasi kavu, juu yake kinyesi cha ng'ombe, juu yake majani mabichi na majivu kidogo, kisha nyasi tena, mpaka lundo likamfika kiunoni. Akalinyunyizia maji, akalifunika, na kila baada ya muda akaligeuza. Mama Subilaga akatoka na fimbo yake kuja kusaidia. Lundo lilipopata joto, akalisogezea mikono yake inayouma kwa baridi, akasema tangu azaliwe hajaota moto usiotaka kuni. Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Siku moja Tusekile akabeba yale mashina yaliyonyauka, ayatupe kwenye lundo. Ng'ombe, aliyekuwa akitafuna na kutazama, akamzuia. Akamwambia wagonjwa hawapikwi pamoja na chakula, wataurudisha ugonjwa shambani. Tusekile akayachoma moto mbali na shamba, pamoja na viazi vyote vilivyooza.

Lundo likageuka jeusi, likanukia kama msitu baada ya mvua. Nyungunyungu akaja mwenyewe kulionja, akaridhika. Ila akasema neno moja zito.

"Shamba lina njaa, mama, tena limechoka kumlea mtoto yule yule. Viazi vikae pembeni kwanza. Lipe mahindi, lipe maharage."

Neno hilo Tusekile aliogopa kumpelekea mumewe, maana mvua zilikuwa zimekatika na Lwitiko alishafunga mizigo. Lakini jioni hiyo Lwitiko mwenyewe akapita nyuma ya banda. Akamkuta mama yake amejifunga kanga kiunoni, ameshika jembe, jasho linamtoka, anageuza lundo jipya. Akasimama akamtazama.

"Mama, unafanya haya yote kwa ajili gani?"

"Nataka unizike hapa, mwanangu," mama akasema, "usije ukanizika kwa kusikia habari."

Lwitiko akalichukua jembe mkononi mwa mama yake. Akageuza lundo mpaka giza likaingia, na habari za bondeni hakuzitaja tena.

Tusekile akamwambia neno la nyungunyungu, na mvua ziliporudi wakapanda mahindi, wakafuatisha maharage, wakala hayo. Zamu ya viazi iliporudi, Lwitiko alikwenda kilima cha mbali ambako mnyauko haujafika, akaleta mbegu safi. Kila shimo likapata mboji ya lile lundo. Mashina machache yalinyauka kwenye kona moja. Wakayang'oa na udongo wake, wakayachoma. Mengine yakasimama mpaka mwisho. Walipochimbua, viazi vikatoka vikubwa, vyeupe ndani, na kila walipopiga jembe nyungunyungu wanene wakajikunja kwa kusumbuliwa.

Majirani wakaja kuuliza dawa. Tusekile akawapeleka bandani, akawaonyesha lundo.

Lwitiko akakata mianzi, akamjengea ng'ombe banda jipya lenye paa zuri. Mama Subilaga akaliangalia, akauliza kama siku hizi ng'ombe ndiye mama wa nyumba hii. Lwitiko akasema nyumba ya mama yake inaanza kesho. Na kesho yake, kabla umande haujakauka, akachimba shimo la nguzo ya kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo, imefika ukingoni mwa shamba. Nami hapa naliweka jembe langu chini.