Vyungu Vitatu vya Theodora

“Ukiona funza, mtafute nzi.” Mmeuliza, wajukuu, methali hii imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Tarehe 9 Machi 1959, asubuhi ya ukungu na manyunyu, wauza nyama wa soko la Gidamula walimzingira Theodora. Nyama yake ya kukausha, iliyokaa nje siku nyingi kuliko ya wengine, ilikuwa imejaa funza kwa mara ya tatu.

“Nyama ikioza huzaa funza yenyewe,” alisema Mzee Lohay, mkuu wa soko. “Lakini yako inazaa kila wiki! Una jicho baya, shemeji. Jumatatu ijayo uiache meza.”

Theodora alikuwa mjane wa ndugu yake Lohay, na meza ile ndiyo iliyowalisha wanawe. Hakulia. Alisali, kisha jioni akaenda kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu Bura alikuwa na hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo.

“Mwalimu, nyama yaweza kuzaa?”

“Wataalamu wa kale walibishana hilo miaka mingi. Waliomaliza ubishi ni waliojaribu. Jaribu nawe.”

Desturi ya Gidamula ilikuwa kufunika nyama usiku, wachawi wasiiguse, na kuifunua mchana ipumue. Theodora alichinja mbuzi mmoja, akatia nyama yake katika vyungu vitatu. Cha kwanza alikiacha wazi, cha pili akakifunga kwa ngozi, cha tatu kwa kitambaa chepesi cha shashi. Kila siku alivitazama vyote, kwa jicho lilelile.

Jumatatu alivibeba sokoni, mwalimu akifuatana naye na hadubini yake. Kile cha wazi kilichemka funza. Vingine vilinuka, lakini funza hakuwamo hata mmoja.

“Jicho langu limeshindwa kupenya shashi?” aliuliza Theodora. Watu wakacheka.

“Basi wametoka wapi?” Lohay alifoka.

Mwalimu aliweka kipande cha ile shashi chini ya hadubini. Lohay akainama, akachungulia.

“Mayai,” alisema. “Meupe, kama punje za mchele. Ya nani?”

“Muulize huyo aliyetua kwenye kofia yako, shemeji.”

Lohay alivua kofia, nzi akaruka. Ndipo mzee yule akasema kwa sauti, soko zima likisikia:

“Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: meza ni ya Theodora. Kuanzia leo tutafunika nyama mchana pia. Wala sitamnyooshea mtu kidole tena kabla sijatafuta. Ukiona funza, mtafute nzi.”