Kiboko Apanda Ngazi za Tubanane

"Wa juu!"

"Tupo!"

"Wa chini!"

"Tupo!"

"Na wa katikati?"

"Tumebanana hapa!"

"Hadithi ipite?"

"Ipite, ngazi ni ya wote!"

Haya, basi wekeni ndoo chini. Maji hayatoki saa hizi. Mimi Siajabu wa ghorofa ya nne nawaambieni, nimekaa jengo hili miaka arobaini, na bomba letu likitaka kutoa maji hukohoa kwanza. Halijakohoa. Kaeni ngazini, lakini acheni nafasi mtu apite. Wewe mwenye ndoo nyekundu, kunja mguu, ngazi si kitanda chako.

Zamani hizo wanyama walikuwa na mtaa wao, ukiitwa Tubanane. Na Tubanane kulikuwa na jengo moja, ghorofa sita, milango sitini. Karibu kila mlango ulijaa, nawatajia wachache tu. Ghorofa ya kwanza walikaa akina Buku, wale panya wakubwa, ndugu kwa ndugu, shangazi kwa shangazi. Ya pili Mzee Kobe, ambaye akishuka sokoni Jumatatu hurudi Alhamisi. Ya tatu Sungura na mkewe na watoto ishirini na saba. Ya nne Kasuku. Ya tano Sisimizi, nyumba moja wakaazi mia tatu. Ya sita, mlango wa mwisho kabisa karibu na paa, Bi Kanga peke yake, na mayai yake tisa.

Na Mjusi je? Mjusi hakuwa na chumba. Mjusi alikaa ukutani, nyumba zote zake. Leo anakula mbu kwa Buku, kesho anakula nzi kwa Kasuku. Akipita utamsikia: che, che, che!

Kelele zilikuwepo, sikatai. Moshi wa ghorofa ya pili uliingia ya tatu. Nguo za wa juu ziliwadondoshea maji wa chini. Watoto wa Sungura walicheza mpira koridoni, pu, pu, pu, mpaka Kobe akaingiza kichwa ndani. Lakini nani aliumwa Tubanane akakosa uji? Nani alifiwa akalia peke yake? Hakuna! Semeni wenyewe, hakuna! Ndiyo maana mimi mtu akiniambia "jengo lenu watu wengi mno", namwambia asante, na wewe karibu.

Sasa, kule bwawani alikuwepo Kiboko. Bwawa zima lake. Mbele maji, nyuma maji, kulia nyasi, kushoto nyasi, na katikati Kiboko peke yake na tumbo lake. Hakutosheka. Asubuhi moja akaja Tubanane. Pu! Pu! Pu! Ardhi ikatikisika, sufuria zikaanguka. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, Kiboko mwanamke mtu mzima, amejifunga kitenge, anatembea taratibu.

"Mama," Kiboko akamwambia mkwewe, "hilo ndilo jengo nililokuahidi."

Kisha akafungua kinywa. Eee, kinywa kile! Buku mmoja alisema aliona mpaka chakula cha jana.

"Wa Tubanane, sikieni! Jengo hili nimelipenda. Nitavunja kuta zote, liwe chumba kimoja, changu. Nitalala paani nipigwe na upepo. Nyinyi tokeni leo!"

"Twende wapi, Mzee?" wakauliza.

"Pori ni kubwa!"

Bi Kanga akachungulia kutoka juu kabisa. "Mzee wangu, nina mayai tisa huku. Nimeyalalia siku ishirini na sita. Yataanguliwa leo au kesho. Nikiyahamisha yatapoa, na yakipoa yamekufa. Nipe siku mbili tu."

"Utataga mengine," akasema Kiboko.

Ai! Mtu mwenye mama anasema hivyo? Hata mpira koridoni ukasimama. Wengine wakataka kupigana, lakini utapiganaje na mlima? Bi Kanga akarudi kuyafunika mayai yake, analia.

Che, che, che! Mjusi akashuka ukutani mpaka usawa wa pua ya Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko! Shikamoo, mama!"

"Marahaba," akajibu mama mkwe. "Kijana ana adabu huyu."

"Mzee," akasema Mjusi, "jengo ni lako, nani atakuzuia? Swali langu dogo tu. Tukupokee vipi? Uingie kimyakimya, au uingie kwa heshima?"

"Kwa heshima!" akanguruma Kiboko. "Mtu kama mimi niingie kimyakimya kama nani?"

"Basi desturi ya hapa unaijua. Anayehamia Tubanane hupanda ngazi kwa miguu yake, na kila anayemkuta wanasalimiana. Akifika paani, amekuwa mwenyeji. Asiyesalimiana ni mwizi, hata awe na nguvu vipi."

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Hata kwetu ni hivyo. Mimi siwezi kulala kwenye nyumba ambayo mkwe wangu ameiingia bila salamu. Watu watasema binti yangu ameolewa na nani?"

Kiboko akavimba. Mnajua, yule bwana kitu alichokipenda kuliko majani ni kuamkiwa. Kule bwawani nani wa kumwamkia? Chura tu, na chura hakumaliza sentensi.

"Wote waniamkie!" akasema. "Mkubwa kwa mdogo! Na mimi nitamwitikia kila mmoja. Nikimruka hata mtoto, nirudi chini nianze upya."

"Na jua likizama hujafika paani?" Mjusi akauliza, polepole, kama mtu asiyejali.

Kiboko akacheka, ho ho ho! "Ngazi hizi? Nikishindwa kufika kabla ya jua kuzama, sikanyagi tena Tubanane, mimi wala mjukuu wangu. Mama, wewe shahidi."

"Nimesikia," akasema mama mkwe, akakaa kwenye tope kivulini.

Mnaona kosa lake? Hakuuliza wako wangapi! Aliona milango, akahesabu milango. Mtu anayeishi peke yake ndivyo alivyo.

Mjusi akapanda ukutani kwa nje, mbio. Che, che, che! "Mgeni anapanda! Tokeni wote! Anayelala aamke! Anayeoga ajifunge taulo atoke!"

Kiboko akaweka mguu ngazi ya kwanza. Pu! Mlango wa kwanza ukafunguka.

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba."

"Habari za bwawani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Karibu chai!"

"Asante, nimeshiba."

Akatabasamu. Alijisikia raha. Akanyanyua mguu, pu! Akatoka Buku wa pili. Shikamoo, marahaba, habari za bwawani, nzuri, mama hajambo, hajambo, na watoto, hawajambo, karibu chai, asante nimeshiba. Akatoka wa tatu. Akatoka wa nne. Akatoka shangazi mtu na mgeni wake aliyekuja jana kutoka shamba, naye akasalimia, tena yeye akauliza na hali ya mvua.

Mpaka anamaliza ghorofa ya kwanza, umande umekauka.

Ghorofa ya pili, mlango wa Mzee Kobe. Kobe ana miaka mia na hamsini. Hapo nani anamwamkia nani? Kiboko akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

"Shikamoo, babu!"

"Ma... ra... ha... ba," akasema Kobe. "We... we... ni... mto... to... wa... na... ni?"

"Wa Kiboko wa bwawani."

"Ki... bo... ko... yu... pi?"

Heee! Wakaanza ukoo. Baba yake, babu yake, babu wa babu yake, na yule aliyezama ugenini. Utamkatiza mzee? Na mama mkwe yuko chini anasikiliza? Kiboko alisimama pale mpaka jua likawa utosini, ngozi ikaanza kumkauka, inamwasha, kra, kra.

Ghorofa ya tatu, Sungura na mkewe na watoto ishirini na saba wamejipanga koridoni. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Kiboko sasa hatabasamu. Foooo, anapumua. Akaanza kukimbiza: "Marahaba-nzuri-hajambo-hawajambo-nimeshiba!" Mdogo wao kabisa, kamasi zinamtoka, akasema "Chikamoo". Kiboko akampita.

"Aaaaaa!" jengo zima likapiga kelele. "Umemruka! Umemruka!"

"Nimemruka nani?"

"Huyo! Mwenye kamasi!"

Kiboko akafungua kinywa agombe. Kutoka chini, sauti ya mama mkwe ikapanda ngazi, tulivu: "Mkwe wangu, mtoto wa watu amekuamkia."

Alifanya nini? Alishuka. Pu, pu, pu, mpaka chini. Akageuka, akaanza upya. Na Buku wote wako mlangoni tena.

"Mzee! Za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

"Za tangu tulipoachana?"

"Nzuri!"

"Mama bado hajambo?"

"HAJAMBO!"

"Karibu chakula cha mchana!"

"Asante, nimeshiba," akasema Kiboko, na tumbo lake likanguruma wazi, kila mtu alilisikia.

Kwa Kobe alimshukuru Mungu, maana Kobe alikuwa bado anafunga mlango tangu ile mara ya kwanza, akamwambia tu, "O... oh... ni... we... we." Yule mwenye kamasi, Kiboko alimwitikia kwa magoti. Ghorofa ya nne, Kasuku. Kasuku yuko mmoja, Kiboko akafurahi. Lakini ukimwambia Kasuku "nzuri", anakwambia "nzuri". Ukimwambia "basi", anakwambia "basi". Nani atamaliza kwanza? Wakapigana basi, basi, basi mpaka vivuli vikarefuka. Mwishowe Kiboko akapiga chafya, Kasuku naye akataka kupiga chafya, na Kiboko akapita.

Ghorofa ya tano. Sisimizi. Mia tatu.

Nisiwachoshe. Fikirieni wenyewe.

Jua limekuwa jekundu, limegusa miti. Kiboko anatambaa. Sauti imemkauka, ngozi imepasuka, lakini ngazi zimebaki chache, na milango yote ya ghorofa ya sita imeshamsalimia isipokuwa mmoja. Mlango wa Bi Kanga. Ukipita huo, ni paa. Hata Mjusi pale ukutani mkia ulimtetemeka. Alikuwa amemaliza watu. Mtaa mzima ameshautoa.

Bi Kanga akafungua mlango nusu, bado amekalia mayai kwenye ungo alioukokota mpaka kizingitini.

"Shikamoo, Mzee," akasema taratibu.

"Marahaba."

"Habari za bwawani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

Hapo Kiboko akasita. "Sina watoto," akasema. Siku nzima alikuwa anajibu "hawajambo" kwa kuzoea tu. "Bwawani niko peke yangu na mke wangu, na mke wangu yuko kwa mama yake."

Bi Kanga akamwangalia. Kweli alimwonea huruma, kidogo. "Pole," akasema. "Karibu uji."

"Asante, nimesh..."

Ko! Chini ya bawa la Bi Kanga. Ko, ko! Kra! Kichwa kidogo kikatoka, kimelowa, macho hayajafumbuka vizuri. Na mtoto wa Tubanane, enyi watoto, hafundishwi salamu, anatoka nayo.

"Shikamoo!"

Kiboko akaangalia dirishani. Jua limebaki kipande cha kucha.

"Marahaba!"

Ko, kra! "Shikamoo!"

"Marahaba!"

Ko, kra! "Shikamoo! Habari za bwawani?"

"Nzuri! Nzuri! Nzuri!"

La nne. La tano. La sita. La saba lilikuwa na haraka, likaamkia likiwa bado ndani ya ganda, likabidi lirudie. La nane. Na la tisa, lile dogo, likachelewa. Ghorofa sita, milango sitini, kimya. Kiboko ameweka mguu mmoja juu ya ngazi ya mwisho, hathubutu kuuweka wa pili.

Ko.

Kra.

"Shikamoo," akasema wa tisa.

"Mara..." akasema Kiboko, na jua likazama.

Oyoooo! Vigelegele! Sufuria zikapigwa, mpira ukarushwa, Sisimizi mia tatu wakacheza na hakuna aliyesikia, lakini walicheza. Bi Kanga analia tena, safari hii kwa furaha, watoto tisa wamemjaa mgongoni. Mjusi akapanda juu kabisa akatangaza: "Wa Tubanane! Asubuhi tulitaka kufukuzwa wote. Jioni tumezidi tisa!"

Kutoka chini mama mkwe akaita: "Mkwe wangu, shuka twende. Hawa wametuzidi adabu."

Akashuka. Lakini Tubanane mgeni hatoki bila kuagwa. Mlango wa kwanza: "Mzee, unaondoka mapema hivi? Msalimie mama! Tufikishie salamu bwawani!" Mlango wa pili hivyo hivyo. Kobe alimsindikiza mpaka ngazi ya tatu, na Kiboko akalazimika kumngoja. Wanasema kushuka kulimchukua muda mrefu kuliko kupanda.

Hadithi yangu imefika paani, mwenye nguvu aishushe.

Na funzo? Funzo ni kwamba salamu nyingi zinawachelewesha wakubwa wenye shughuli zao. Kwa hiyo mkipita ngazini msisalimie mtu. Inamisheni vichwa, piteni kimya. Na msizae watoto wengi, wanajazana koridoni. Mmesikia?

Kho, kho, kho! Bomba hilo! Chukueni ndoo, foleni ni ile ile, wa kwanza mama mwenye mtoto mgongoni.

Wewe wa ndoo nyekundu! Unapita wapi? Umenipita mimi Siajabu, na nywele zangu nyeupe zote hizi, bila shikamoo? Rudi chini, mwanangu. Anza upya.