Mkate wa Pombe wa Bibi Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, mbona sauti za kuku wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo. Zamani hizo za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mjane mzee, jina lake Kalunde. Mwembamba, mkavu, na mbishi! Akishasema jambo, limesemwa.

Kalunde alikuwa na shamba moja tu. Na sheria ilikuwa hivi: shamba lisiloguswa na jembe mpaka mvua ya kwanza ishuke, linarudi kwa mtemi. Mgongo wa Kalunde ulikuwa umeshagoma kuinama. Basi akafanya kama wajane wote walivyofanya. Akapika pombe ya ulezi, mtungi mzima, ili majirani waje walime, wakimaliza wanywe. Ulezi wake wote aliutia mle. Ndani kukabaki kikapu kimoja cha unga wa mtama.

Pombe ikaiva. Mawingu yakaanza kukusanyika. Mara, asubuhi moja, ndu! ndu! ndu! Ngoma ya mbiu.

"Sikilizeni! Jana watu wamelewa wakapigana, mtoto wa mtemi ametobolewa jicho. Hakuna kunywa pombe tena! Jua likifika utosini, kila mtungi uwe umemwagwa. Mtemi atakuja kukagua mwenyewe."

Majirani nao wakamwambia wazi, "Pole, bibi, lakini bila pombe hatuji. Kila mtu ana shamba lake."

"Mwaga tu, shoga," akasema Nyamizi, jirani yake wa ua kwa ua. "Utafanyaje?"

"Simwagi."

"Mtemi atakufukuza!"

"Simwagi. Ulezi huu najua mimi nilivyouhangaikia."

Akakaa, akautazama mtungi. Pombe inachemka yenyewe bila moto, chwi, chwi, chwi, povu linapanda. Akajiambia, kitu chenye nguvu ya kuinua povu kitashindwa kuinua unga? Akachota unga, akatia chumvi, akamimina pombe. Koroga, koroga, koroga. Hakukanda. Akapaka chungu samli, akamimina rojo lake, akafunika, akapalia makaa chini na juu.

Kidogo tu, akafunua aone. Fuu! Mkate ukanywea, ukalala chini. Nyamizi akacheka.

"Si nimekuambia umwage?"

"Simwagi."

Koroga, koroga, koroga. Safari hii hakufunua, lakini makaa ya chini yalizidi. Mkate ukaungua, upande wa chini mweusi tii.

Kikapuni ukabaki unga wa mkate mmoja. Jua linapanda. Sasa Kalunde alikuwa anachezea chakula chake cha mwisho, na aliogopa, aliogopa kweli. Nyamizi hakucheka tena.

"Kalunde, mwenzangu, kesho utakula nini?"

"Simwagi. Sogea."

Koroga, koroga, koroga. Makaa chini machache, juu mengi. Kisha akaikalia mikono yake asije akafunua. Mnacheka? Hata wewe ungeikalia! Akangoja mpaka harufu ikatoka yenyewe, ikavuka ua, ikaingia njiani.

Na njiani ndiko alikokuwa mtemi.

"Kalunde! Nanusa pombe. Na mtungi umejaa!"

"Umejaa, Mtemi. Pombe hii ni ya mkate. Moto umeshakula ulevi wake."

"Maneno hayo."

"Basi kula. Ukishiba, shika jembe hili, unilimie tuta moja tu. Likienda kombo, nimekulewesha. Mwaga pombe, chukua na shamba. Likinyooka, niachie mtungi wangu."

Watu wakashika midomo. Nani humwambia mtemi alime? Lakini mtemi yule alijisifu sana kwa jembe tangu ujana wake. Akakata kipande. Ganda likalia kwa! Ndani laini, uchachu kwa mbali. Akala cha pili. Akala cha tatu. Akafuta ndevu, akashika jembe.

Ti! Ti! Ti! Kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho. Tuta likanyooka.

"Umeona?" akasema mtemi, anahema. "Sijalewa. Kaa na mtungi wako."

Kalunde akapiga magoti. "Ahsante, Mtemi. Na ahsante kwa shamba."

"Shamba? Shamba limefanya nini?"

"Limeguswa na jembe, Mtemi. Mvua bado."

Mtemi akalitazama tuta. Akalitazama jembe mkononi mwake. Akaangua kicheko, akacheka mpaka akaketi juu ya tuta lake mwenyewe.

Mtemi akishalima, nani atabaki amekaa? Majirani wakakimbilia majembe. Nyamizi akaleta unga, wengine nao wakaleta wao. Pombe yote ikaishia kwenye mikate, watu wakalima, wakala, wasilewe. Mvua ilipoanguka, hakukuwa na kipande cha shamba kilichosalia bila kulimwa.

Mpaka leo kule, mwanamke akipika mkate ule, humtaja Kalunde kwanza, kisha huikalia mikono yake.

Basi, wajukuu zangu, mtu akikwambia umwage ulichokihangaikia, usikimbilie kumwaga, wala usikimbilie kulia. Tazama kwanza kina nguvu gani ndani yake. Na ukiharibu mara mbili, koroga tena.

Hadithi yangu imefika mwisho wa tuta. Jembe naliweka chini.