Kata ya Maji ya Jana

Zamani, kabla ubao wa matangazo haujasimamishwa forodhani, maji ya msafiri hayakubadilishwa. Mtu wa mtaa wetu wa Mtondooni alipoondoka, mkewe au mama yake alijaza mtungi siku ileile, akauweka mlangoni, na hakuna aliyeugusa mpaka mwenyewe arudi anawe miguu. Akifa huko alikokwenda, mtungi wake uligeuzwa mdomo chini, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Mpita njia alijua habari za nyumba bila kuuliza.

Kisha Serikali ikabandika matangazo mawili kwenye ubao mmoja. La kwanza lilisema kwamba mipira miwili myeusi ikipandishwa mlingotini, tufani inakuja, na chombo chochote kisitoke bandarini. La pili lilikataza maji yaliyotuama majumbani, kwa ajili ya mbu.

Katika mtaa huo alikaa Mfaume bin Salehe, serahangi wa tishari, yaani msimamizi wa chombo kile kipana kinachopokea shehena kutoka melini. Mkewe alikuwa Somoye binti Kirobo. Mfaume alizoea kulifanyia mzaha tangazo la kwanza. Alisema mipira ile ni ya Wazungu, wacheze wenyewe. Lakini asubuhi ilipopandishwa kweli, hakucheka. Makuli wake wanne walikuwa bado kwenye tishari, mbali na gati. Alichukua mashua. Somoye alikuwa ameshaujaza mtungi, na Mfaume akamwambia, “Maji yangu usiyaguse. Nitayakuta.”

Makuli wanne walirudi. Kamba ya tishari ilikatika, upepo ukalisukuma mpaka mchangani, wakashuka kwa miguu yao. Mashua ilionekana siku ya tatu, imepinduka. Mfaume hakuonekana.

Watu walingoja Somoye ageuze mtungi. Hakuugeuza. Mashemeji walimsihi, shangazi yake akamwambia kwamba anamkawiza marehemu. Somoye aliwajibu kwamba hajaonyeshwa marehemu yeyote.

Mwezi wa pili alifika Bwana Afya, Sipriani Mkwinda, kijana mpole aliyevaa kaptula iliyonyooshwa kwa pasi. Alichungulia mtungini akaona viluwiluwi. Alimweleza Somoye kwa heshima kwamba maji lazima yamwagwe siku hiyo, ama mtungi utavunjwa. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Walijua, na Somoye alijua, kwamba akiyamwaga amemzika mumewe kwa mkono wake.

“Nisomee karatasi yako, mwanangu,” alisema. “Polepole.”

Sipriani alisoma. Maji yasituame zaidi ya siku tatu. Visionekane viluwiluwi ndani yake.

“Haikusema niyamwage yote?”

Sipriani aliisoma tena, kimya, midomo ikicheza. “Haikusema, mama.”

Somoye aliingia ndani akatoka na kata na kitambaa cheupe. Alichota kata moja ya maji yale, akayachuja kwa kitambaa, akayaweka kando. Yaliyobaki aliyamwaga uani, akausugua mtungi kwa mchanga, akairudisha ile kata moja, kisha akajaza maji mapya ya kisimani. Sipriani alichungulia tena. Aliandika kitu katika daftari lake, akamwambia, “Maji haya ni safi,” akaenda nyumba ya pili.

Kesho yake alfajiri Somoye alifanya vilevile, na keshokutwa, kwa miaka thelathini na moja. Shangazi yake hakumsema tena. Mwanawe shangazi alipokwenda mkongeni, kikongwe yule naye alionekana uani na kitambaa.

Na tangu siku hiyo, wanawake wa Mtondooni hubadilisha maji ya msafiri kila alfajiri, lakini hawayamalizi. Huacha kata moja ya maji ya jana. Mtungi wa Somoye sasa uko kwa mjukuu wake, Zainabu binti Hemedi, mlango wa tatu kutoka msikitini. Ubao wa matangazo ulikwisha kuoza. Nilipita pale leo asubuhi, na mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni, maji meupe, na ndani yake yamo yale ya Mfaume.