Sange Alivyomfunza Mwalimu Fisi Kwenda Kinyumenyume

Ngano yaja!
— Na ije!
Yaja na mkia!
— Tutaushika!

Palikuwa na shule ya wanyama, na mwalimu wake alikuwa Fisi. Ubaoni aliandika kwa mwandiko wa madaha: TUZO HUZAA TABIA. Chini yake akaongeza: Ajibuye sawa atakula chakula chake. Akosaye, chakula chake ni cha mwalimu.

Kengele ikilia, ngang'a! Fisi humeza mate, gulu! kisha humwita Sange, kijinyama chenye pua ndefu na mwili wa kujaa kiganja.

"Sange, fisi mmoja ana njaa ngapi?"

"Moja, Mwalimu."

"Kosa! Walete kumbikumbi wako."

Kesho yake:

"Ana njaa ngapi?"

"Mbili, Mwalimu?"

"Kosa! Walete."

Siku ya tatu njaa ilimwonyesha Sange mbao mbili ukutani palipo na mmoja. Akawaambia wenzake, "Jamani, tutakufa na elimu yetu. Tukaokote mifupa jalalani kwa Simba. Somo la Mwalimu ni zuri; tulitumie."

Asubuhi Fisi akasonga mbele. Darasa kimya, ji! Akarudi nyuma hatua moja, upande wa mlango. "Ewaa, Mwalimu!" Ukamrukia mfupa mmoja. Kwachu! Akasonga mbele: ji! Akarudi nyuma hatua mbili: mifupa miwili. Kwachu, kwachu!

"Leo mmechangamka," akasema Fisi.

"Ni ufundishaji wako, Mwalimu."

Kufika Ijumaa, Fisi alifundisha akienda kinyumenyume, kinywa wazi, macho kwenye mifupa tu. Nje ya mlango mafundi walikuwa wamechimba shimo la choo kipya, na mvua imelijaza tope. Fisi akavuka kizingiti. Darasa likamfuata likiimba:

Rudi nyuma, bingwa wetu, mfupa unakungoja;
mbele hakuna cha kitu, ila swali moja moja.

Hatua moja, kwachu! Hatua mbili, kwachu! Hatua ya tatu haikupata ardhi. Chubwi!

"Nitoeni, wanangu! Nani kawafundisha hila hii?"

"Ni wewe, Mwalimu. Ubaoni." Sange akainama ukingoni. "Swali dogo tu kwanza: fisi aliye shimoni ana njaa ngapi?"

Fisi akafikiri, tope shingoni.

"Moja?"

"Kosa, Mwalimu!"

Darasa zima likafungua vyakula vyake, likala palepale ukingoni.

Ngano imekatika mkia. Aliyeushika aende nao kwao. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtoto mwema humpa mwalimu wake kila anachokitaka.