Gari Lililoona Majani

Sogeeni, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe kwanza, maana hadithi hii inataka masikio. Mwanzo wake ninao. Mwisho wake mtautoa ninyi.

Palikuwa na vijana watatu katika kijiji kimoja cha Rungwe, kule ambako migomba imeshika mteremko na kila nyumba ina ng'ombe bandani. Gwamaka alikuwa na mikono. Chuma alichokigusa kilimtii. Andalwisye alikuwa na akili ya kupanga. Ukimpelekea jambo lenye mafundo, alikurudishia likiwa limenyooka. Na Tumwitike, binti wa mwisho wa Mama Atu, alikuwa na macho. Alimtambua mtu kwa mbali, kwa jinsi anavyoweka mguu tu.

Watatu hao waliunda gari lisilo na dereva. Asubuhi lilishuka na madumu ya maziwa mpaka barabara ya lami, kisha likapanda tena lenyewe. Mama akishikwa na uchungu, lilimfikisha zahanati.

Gwamaka ndiye aliyelitia miguu. Mwanzoni gari lilinguruma, na ng'ombe waliokuwa wakikamuliwa kando ya njia walishtuka wakapiga ndoo teke. "We Gwamaka, gari lako linatumwagia maziwa!" akina mama walimlalamikia. Akakaa nalo mpaka likawa linapita kimya kama paka jikoni.

Andalwisye ndiye aliyelitia akili. Mwanzoni gari lilisimama kwa kila jani la mgomba lililoanguka njiani, likasubiri liondolewe, na maziwa yakachacha juani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Gari gani hili linaogopa majani? Si heri punda!" Basi akalifundisha hivi: ukiona mtu, simama, ukiona ng'ombe, simama, ukiona majani, punguza mwendo, pita.

Tumwitike ndiye aliyelitia macho. Alizunguka nyumba kwa nyumba akipiga picha, ili gari lijifunze mtu anafananaje. Na mnawajua watu wetu wakisikia habari ya picha. Mwenye jembe aliliweka chini, mwenye kuni alizitua, mwingine alikimbilia ndani kuvaa kitenge cha kanisani. Njiani Tumwitike alikutana na Bibi Syabumi, jirani yao, ambaye ndiye aliyempeleka kliniki kupimwa uzito alipokuwa mchanga. Bibi alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo umemfunika mpaka mabegani.

"Nipige hivi hivi, mwanangu. Nimechoka, nikitua sitaweza kujitwika tena."

"Aa, Bibi! Utaonekana kama kichaka," Tumwitike alicheka. "Tua, nikufute vumbi, upendeze. Nitakutwika mwenyewe."

Bibi akatua. Akapendeza kweli.

Kijiji kilifurahi, na kamati ya maziwa ikatoa mtamba mwekundu, iwe zawadi ya aliyelifanya gari kuwa gari. Hapo urafiki ukaingia mchanga. "Bila miguu lingekwenda wapi?" alisema Gwamaka. "Bila akili lingekwenda mtoni," alijibu Andalwisye. "Na bila macho?" aliuliza Tumwitike. Mtamba akabaki kwa mwenyekiti, akila majani ya watu huku wenyewe wakibishana.

Asubuhi moja Bibi Syabumi alikuwa anapanda na mzigo wake. Gari likaja nyuma yake. Halikusikika. Macho yakaona majani. Akili ikasema: punguza mwendo, pita.

Bibi alianguka, mzigo ukamwagika, na macho yakaona mtu. Hapo ndipo gari liliposimama.

Tumwitike alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga magoti, akamwinua Bibi kichwa na kukiweka mapajani mwake.

"Ndaga, mwanangu," Bibi alishukuru kwa sauti ndogo. "Hilo gari lenu, halikuniona?"

Tumwitike alifungua mdomo. Badala ya kujibu, akamfuta vumbi usoni.

Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti, na ulipounga ukawa mfupi. Mteremko ukawa si wa Bibi tena. Tangu hapo, kila kulipopambazuka, Tumwitike alikata majani, akajitwika, akayaacha mlangoni mwa banda la Bibi, akaondoka bila kupiga hodi. Chini ya ule mzigo hakuona kitu ila miguu yake mwenyewe. Ndipo alipojua Bibi aliona nini siku ile. Na kila alipofumba macho alimwona akitua mzigo ili kumpendeza yeye.

Gari lilifungwa kamba kwenye mti. Akina mama wajawazito wakaanza tena kushuka kwa miguu. Kamati ikawaita wale watatu, na safari hii walibishana kinyume.

"Ni mimi," alisema Gwamaka. "Lingenguruma, Bibi angesikia, angepisha."

"Ni mimi," alisema Andalwisye. "Mimi ndiye niliyeliambia lipite."

"Ni mimi," alisema Tumwitike. "Bibi mwenyewe alitaka nimpige picha akiwa na mzigo. Mimi nikamtua."

Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Na sisi tuliocheka liliposimama?" Hakuna aliyecheka sasa.

Siku ya pili yake Bibi Syabumi alimtuma binti yake, Mama Lusekelo, awaite watatu hao. Walimkuta Mama Lusekelo amesimama mlangoni. Ndani, mbele ya kitanda cha Bibi, palikuwa na sahani moja ya ndizi na kiti kimoja. Yule mtamba alikuwa amefungwa uani, maana kamati ilikuwa imemwachia Bibi uamuzi wote.

"Gari siwezi kuligombeza," Bibi alisema kutoka ndani. "Nataka mtu. Aingie mmoja, mwenye kosa, tule sahani moja, yaishe. Nikiwasamehe wote watatu kwa pamoja, kila mmoja atatoka hapa akidhani nilikuwa nawasamehe wale wawili. Mguu wangu haukuvunjika theluthi theluthi."

"Na wawili watakaobaki nje, Bibi?" aliuliza Andalwisye.

"Watabaki na lao. Lakini sikilizeni vizuri. Huyo atakayekula na mimi, mtamba ni wake, na gari ni lake. Yeye ndiye atakayesema litashuka tena au litaoza pale pale. Na likimgusa mtu mwingine, kijiji hakitauliza miguu, wala akili, wala macho. Kitamwuliza yeye."

Gwamaka akapiga hatua. Andalwisye akapiga hatua. Tumwitike alitaka kuingia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, amshike Bibi mkono, aseme lile neno lililokwama. Akaogopa. Je, anaingia kwa kuwa kosa ni lake kuliko wenzake, au kwa kuwa anataka awe wa kwanza kupumua?

Vipande vya majani aliyobeba asubuhi vilikuwa bado vimenasa kwenye nywele zake. Bibi aliviona kutoka kitandani.

"Ndizi zinapoa," alisema Mama Lusekelo. "Amueni."

Mpaka leo wamesimama pale, gari limefungwa, na mama mmoja kule juu amekaribia siku zake.

Haya, wewe uliyesikiliza. Kama ungekuwa wewe uliyesimama kwenye mlango ule, ungempisha nani?